Kifungeni Hicho, Twende Tukale

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, Odette Marcoux, mkutubi wa mji mdogo wa Tarrow, aliwasha jiko la kuni, kisha akafungua sanduku la chuma ukutani ambamo watu walirudishia vitabu maktaba ikiwa imefungwa. Mwezi Machi vitabu vilitoka humo vikiwa baridi kama mawe ya mtoni. Alivipanga mbele ya jiko, akavisubiri vipate joto, ndipo akavirudisha rafuni. Shangazi yake, Fern, alikuwa akimcheka: "Mwanangu, unavilea vitabu kama vifaranga."

Jumamosi ile alikuwa ameshapanga vitano. Alipovuta cha sita, kipande cha karatasi kikaanguka miguuni pake. Kiliandikwa kwa penseli nene, herufi kubwa kubwa:

BABA YAKO ALIKUWA NA NENO LAKE KILA MWAKA BAADA YA KURA. LEO LISEME WEWE.

Hakikuwa na jina. Odette alikisoma mara tatu, akakitia mfukoni. Saa tatu ungefunguliwa mkutano wa mji, ambapo wakazi wote hupiga kura, na kifungu cha tisa kilikuwa na swali moja tu: maktaba iendelee kulipiwa na kodi, au ifungwe.

Alilijua neno lenyewe. Kwa miaka ishirini na sita, kila kura ya maktaba ilipopita, baba yake, Alcide, alisimama akishika tumbo na kusema, "Bi Mwenyekiti, kifungeni hicho, twende tukale." Ukumbi mzima ulicheka. Mwenyekiti aliuliza nani anaunga mkono, mikono ikanyooshwa kwa mzaha, na watu wakakimbilia maharagwe ya mchana. Wengi waliamini Alcide alikuwa mtu wa njaa tu. Odette peke yake, aliyekua akikaa pembeni yake, alijua kwamba haukuwa mzaha. Kwa sheria ya jimbo lao, New Hampshire, kura iliyopita asubuhi inaweza kufunguliwa tena alasiri ileile, mradi anayeomba awe miongoni mwa walioshinda. Isipokuwa mkutano uwe umeifunga, na neno la Alcide ndilo lililoifunga.

Alcide alikuwa amezikwa mwezi Oktoba.

Ukumbini watu walipewa kadi za kijani za kupigia kura, wakaketi na makoti yao mapajani. Upande wa dirishani walikaa wale waliohamia Tarrow kutoka majimbo mengine kwa ajili ya uhuru, kama walivyosema wenyewe: serikali ndogo, kodi ndogo, kila mtu na lake. Mbele yao alikuwa Garth Krell, mtu wa kompyuta mwenye sauti laini, ambaye katika miaka minne alikuwa ameshaingiza wenzake wawili katika baraza la mji na mmoja katika bunge la jimbo. Nyuma yake alikaa Tobin Reiss, seremala kutoka Ohio.

Odette alijitahidi asimtazame Tobin. Majira yote ya baridi alikuwa akija maktaba saa mbili na robo, akapasua kuni bila kuombwa, kisha akakaa kwenye kiti cha karibu na jiko na kusoma kumbukumbu za mikutano ya zamani. Odette ndiye aliyemshushia majalada yale kutoka darini. Walibishana kwa sauti za chini, Odette akibisha zaidi kwa kichwa kuliko kwa mdomo.

"Nakupasulia kuni kwa sababu nataka," Tobin alimwambia siku moja. "Lakini mzee Pelkey anauza ng'ombe alipie kodi ya vitabu ambavyo hajawahi kuvigusa. Nani alimuuliza? Mtu asilazimishwe jambo ambalo hakulikubali. Mengine yote tutaelewana."

Odette alitikisa kichwa, akaongeza kuni jikoni.

Kifungu cha tisa kikasomwa. Krell akaongea, mzee Pelkey akaongea, mama mmoja mwenye mapacha akaongea huku akilia. Kisha kadi zikainuliwa. Odette aliona kadi ya Tobin ikiinuka pamoja na za walioitaka maktaba, na Tobin akimtazama usoni, bila kutabasamu. Damu ikampanda mashavuni. Amebadilika, aliwaza. Amebadilika kwa ajili yangu.

"Sabini na nne wamekubali, thelathini na tisa wamekataa," alisema mwenyekiti, Bi Enid Whitcomb, mama wa miaka themanini aliyeshika nyundo yake ya mbao kama mwiko. "Kimepita."

Makofi yakapigwa. Kisha ukaja ukimya mdogo, pale ambapo sauti ya Alcide ilikuwa ikikaa. Hakuna aliyeuona ila Odette. Mkono wake ukainuka hadi usawa wa bega.

"Odette, binti yangu, una neno?"

Vichwa mia na zaidi vikageuka.

"Hapana, Bi Mwenyekiti," alisema. "Nilikuwa najinyoosha."

Watu wakacheka kwa upole, wakaenda kula.

Fern na wanawake wa kanisa walikuwa wameandaa maharagwe, nyama ya nguruwe na pai za tufaha. Nje jua lilikuwa limetoka, theluji ikidondoka mapaani, na kila mwenye miti ya sukari alijua maana yake: utomvu wake mtamu umeanza kutiririka, na usipochemshwa leo kuwa shira utaharibika. Wanaume walikula wamesimama. "Maktaba imepita, yaliyobaki ni matengenezo ya greda," alisema mmoja akifunga koti. "Hilo greda liamueni nyinyi." Magari yakaondoka moja baada ya jingine.

Upande wa dirishani hakuna aliyeondoka.

Odette alihesabu viti, akarudia. Wao, pamoja na mzee Pelkey, kumi na wanane. Waliobaki wa upande wake, pamoja naye, kumi na saba. Wakiomba kifungu kifunguliwe tena, wangeshinda kwa kura moja.

"Shangazi," alinong'ona, "wapigie simu. Wote. Waambie warudi."

"Warudi wapi? Wako msituni, mama, huko simu hazishiki. Kuna nini?"

Kabla hajajibu, Bi Enid aligonga nyundo. Tobin Reiss alisimama. Alikuwa akiigeuzageuza penseli kati ya vidole, penseli bapa na nene ya seremala, na Odette akatambua papo hapo, kabla hajasikia neno, kwamba ndiyo iliyoandika kile kipande cha karatasi.

"Bi Mwenyekiti," alisema Tobin, akitazama sakafu, "asubuhi nilipiga kura na walioshinda. Naomba kifungu cha tisa kifunguliwe tena."

"Naunga mkono," alisema Krell kabla sentensi haijatua.

"Nyoka wewe!" Fern alifoka, kijiko cha maharagwe mkononi. "Tumekulisha sasa hivi!"

"Fern, kaa chini. Na kijiko ukiweke," alisema Bi Enid, lakini sauti yake ilikuwa imezeeka ghafla. "Hoja ni halali. Mwenye neno ana dakika tatu."

Odette alikiona kipande cha karatasi kikiwa kimekunjika kiganjani mwake. Hakukumbuka alikitoa lini mfukoni. Angeweza kukisoma kwa sauti. Krell angemla Tobin mzima. Aliinua macho na kumkuta Tobin ameshakiona, anasubiri, amepauka.

Odette akakirudisha mfukoni, akasimama.

"Mimi si msemaji," alisema.

"Sauti, mwanangu!" Fern aliita.

"Mimi si msemaji!" Ilitoka kali kuliko alivyotaka, mtu akaguna. "Tobin, kila asubuhi unaniambia mtu asilazimishwe jambo ambalo hakulikubali. Mimi natikisa kichwa tu. Sikuwa nimekosa jibu, nilikuwa natafuta maneno. Leo asubuhi watu sabini na nne walikubali. Waliulizwa, wakajibu. Sasa wako msituni wanachemsha utomvu, na sisi thelathini na watano tunataka kuwajibia upya. Wao nani amewauliza?" Akavuta pumzi. "Bwana Pelkey alishindwa, na uchungu wake nauona. Lakini yeye alishindwa akiwa hapa, macho wazi. Hilo... hilo ndilo nilikuwa nalitafuta tangu Desemba."

Akakaa kwa kishindo, kana kwamba kamba imekatwa.

"Hotuba nzuri," Krell alisema kwa ile sauti yake laini. "Sheria lakini ni sheria. Tupige kura."

"Wanaotaka kifunguliwe, kadi juu."

Kadi ziliinuka upande wa dirishani. Bi Enid akahesabu kwa kidole, polepole, akarudia kutoka mwanzo. Odette hakuthubutu kugeuka.

"Kumi na saba. Wanaokataa?"

Fern aliinua kadi na kijiko. Odette aliinua yake kwa mikono miwili. Na nyuma ya Krell, peke yake kati ya wenzake, Tobin aliinua ya kwake.

"Kumi na nane," alisema Bi Enid. "Hoja imeanguka."

Krell aligeuka kitini. "Unapinga hoja yako mwenyewe? Tulikubaliana, bwana!"

"Niliahidi kuileta, nimeileta. Kura ni yangu," Tobin alisema. "Si ndivyo tunavyofundisha, kila mtu na lake? Mwakani nitasimama tena kusema maktaba isilipwe kwa kodi. Asubuhi. Wote wakiwepo."

"Safi, msaliti mwenye ratiba," mtu alisema dirishani, na hata mzee Pelkey akacheka.

Krell alikuwa ameshainuka, akimnong'oneza jirani yake, naye jirani akitafuta njia nyingine katika kitabu cha sheria kwa haraka, kurasa zikipepea. Bi Enid aliwatazama, kisha akaitazama saa ya ukutani, kisha kile kiti kitupu mbele ambacho kwa miaka ishirini na sita hakikuwahi kuwa kitupu.

"Kuna jambo jingine juu ya kifungu cha tisa?" aliuliza taratibu.

Odette alikuwa amesimama kabla swali halijaisha.

"Bi Mwenyekiti," alisema, na safari hii sauti ilifika hadi kwenye masufuria ya maharagwe, "baba hayupo. Nasema mimi. Kifungeni hicho, kisifunguliwe tena leo na mtu yeyote."