Fukusi Kwenye Chai

Nyumbani walimwita Sindano tangu utotoni, kwa wembamba na kwa ulimi, na alipoishia kuwa fundi cherehani kila mtu alijidai alijua zamani. Mwaka ule, sikukuu ya kwanza bila mama yao, alikuwa na jambo moja tu kichwani: kumrudisha baba yake mezani. Tangu mazishi, seremala yule mstaafu alikuwa akila chumbani peke yake, mlango kaufunga.

Mdogo wake, dereva wa teksi, alishauri wanunue mapambo ya plastiki, yaishe. Sindano akamwambia plastiki akapambie teksi yake. Akachukua kikapu cha mama, chenye mpini uliozungushiwa kitambaa, akapita njia zilezile: nyuma ya posta kuokota vitunda vya mvinje, kando ya reli kukata nyasi zenye mashada, kisha kwenye uzio wa shule kuokota maganda makavu ya mbegu. Zamani mama alitangulia, wao nyuma wakigombania manyoya ya ndege. Kila ganda alilitikisa sikioni kabla ya kulitia kikapuni, utadhani linampa umbea. Sindano naye akatikisa kila moja. Moyo ulimuuma na furaha alikuwa nayo, vyote kwa pamoja.

Akavisuka vyote kuwa koja kwa kamba ya katani, akalitundika kwenye boriti juu ya meza, mahali pake pa miaka yote.

Siku yenyewe baba alitoka kwa kubembelezwa. Akasema atakunywa chai tu, kisha arudi zake. Hakuinua macho hata kidogo. Ndipo kitu kikadondoka kikombeni mwake. Kikadondoka kingine.

Walikuwa fukusi, wazima, wanapiga mbizi. Sindano akajua kosa lake. Alikumbuka njia, kikapu na kutikisa, akasahau sufuria: mama alikuwa akiyachemsha maganda kwa maji ya chumvi kwanza, wadudu wafe, ndipo ayaanike.

Baba alimwopoa fukusi mmoja kwa kijiko, akamweka kwenye kisahani, akamtazama. Mabega yakaanza kumtetemeka. Sindano alidhani analia, na kweli alikuwa analia, ila kwa kucheka.

“Mama yako,” alisema, “sikukuu yetu ya kwanza alininywesha hawahawa. Akakana katakata kwamba wametoka kwenye koja lake. Eti wametoka kwenye ndevu zangu.”

Mdogo wake Sindano akauliza kama ndiyo sababu ya kule kutikisa.

“Alikuwa anasikiliza kama kuna anayetafuna. Hakusikia hata siku moja, na bado walidondoka, ndiyo maana tukaanza kuchemsha.”

Kisha akasimama. Sindano akajua basi, anarudi chumbani. Lakini baba alilishusha koja, akaelekea nalo jikoni, ambako hakuwa ameingia tangu msiba. Wakasikia sufuria ikigonga jiko.

“Sindano, mwanangu,” aliita, “chumvi mmeihamishia wapi?”

Sindano akamfuata hadi mlango wa jikoni.

“Hatujaihamisha, Baba. Ipo palepale alipoiacha.”