Sahani ya Maua

Tangu tuhame Buguruni kuja Kibamba, binti yangu Salsabil alikuwa amenuna. Huku kimya mno, anasema, hata jogoo wanawika kwa aibu. Mie nikachoka na huo mdomo uliovimba.

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Basi nikapika kalimati, nikazijaza kwenye sahani yangu ya maua, nikamtuma kwa Mama Recho, jirani wa ng'ambo ya barabara.

"Naweka, naondoka," akaniambia. "Sikai."

Kesho yake Recho, msichana wa rika lake, akairudisha sahani imejaa korosho za kwao Masasi. Nikajaza bajia. Safari hiyo Salsabil alikaa huko hadi magharibi. Ikarudi na mihogo. Nikajaza vitumbua. Wiki ikaisha niko jikoni, mafuta yanakata, na mtoto aliyenuna simwoni nyumbani.

Jumapili Mama Recho akaja mwenyewe, sahani mkononi, amechoka kama mie.

"Mama Salsabil, korosho zimeniishia. Tupumzike, dada yangu."

Tukacheka, tukakubaliana watoto watembeleane mikono mitupu. Sahani nikaifungia kabatini.

Hata chai haijapoa, hodi. Mlangoni Recho kashika sahani ya plastiki, ya kwao. Binti yangu kajibanza nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmeleta nini tena?"

"Hatujaleta kitu," akajibu Salsabil. "Tumeileta uijaze."