Kibao cha Santa Fe

Théophile hakutaka mpira umpite. Hata leo akijitetea moyoni, hapati sababu nyingine.

Kanisa lao la Wamormoni, Woodbridge, lilikuwa linakumbuka waumini waliojitolea kuwa askari wa miguu mwaka 1846, wakatembea kutoka Iowa mpaka pwani ya California. Huko magharibi, kando ya barabara, yamesimamishwa mawe na vibao vya kuwakumbuka. Lakini askari hao hawakupita Virginia, kanisa lilipo, basi waumini wakaamua kutengeneza vibao vyao vya mbao, wavisimike msituni, na Jumamosi watembee kutoka kimoja hadi kingine. Sebastian, fundi rangi Mtanzania aliyekuja kila wiki kutoka mji wa Lanham kwa ajili ya ibada ya Kiswahili, alivichora kwa mkono wake, kila kimoja na jina la mahali walipopita askari wale na mshale. Théophile, dereva wa kupeleka wagonjwa kliniki, alipewa kazi ya kuvisimika.

Ijumaa kazi ilikwenda vizuri mpaka kibao cha Santa Fe. Kilitakiwa kusimama kwenye njia panda, mshale ukielekea kulia, lakini ardhi pale ilikuwa mwamba mtupu. Alipiga nyundo, mti wa kibao ukaruka. Akatazama simu: timu ya kwao, Kongo, ilikuwa karibu kuingia uwanjani. Ndani kidogo ya njia ya kushoto kulikuwa na udongo laini. Akakisimika huko. Viongozi si wanaijua njia?

Viongozi waliijua. Mama Goretti hakuijua. Bibi huyu wa Uvira, aliyewahi kukimbia vita kwa miguu hadi Burundi, alikataa katakata kuachwa nyumbani Jumamosi hiyo. Goti likamchelewesha, wenzake wakatangulia, na mjukuu wake Laure akadhani yuko na wazee wengine. Kwenye njia panda bibi akaona kibao kushoto. Akakifuata.

Mchana wakagundua hayupo. Watu wakatawanyika wakimwita. Théophile alikimbia wa kwanza mpaka njia panda, na kabla ya kuita hata mara moja, akaking'oa kile kibao, akakilaza kwenye mwamba pale kilipotakiwa kuwa. Ndipo akaanza kuita. Hilo linamuuma kuliko yote.

Walimkuta jioni bondeni, amevunjika mkono.

"Nilifuata kibao, baba," alisema. "Nilifuata kibao tu."

Waliporudi naye njia panda, watu wakakiokota kibao, wakakigeuzageuza. "Mshale mnene hivi, mtu atajuaje unaelekea wapi?" mmoja akauliza.

Sebastian akainamisha kichwa. "Nisameheni jamani. Ni mkono wangu huu."

Théophile alikuwa bega kwa bega naye. Akanyamaza.

Jumapili zilizofuata Sebastian hakuonekana. Mwishowe Théophile akaenda kwa Mama Goretti, akamkuta mkono umefungwa plasta, Laure akimmenyea viazi. Akaeleza yote, hata la kung'oa kibao.

"Oh my God," Laure akasema, kisu mkononi.

Bibi akamgeukia. "Bon, sawa. Mimi nimekusamehe, Papa Théo. Mkono utapona. Lakini umekosea nyumba. Uende kwa ule Mtanzania."

Akaenda Lanham. Sebastian alimsikiliza mlangoni, bila kumkaribisha ndani.

"Kaka, siku ile ulinisikia nikiomba msamaha?"

"Nilikusikia."

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Pembeni yako."

Sebastian akatikisa kichwa polepole. "Mimi nimekuwa nauogopa mkono wangu mwenyewe. Kazini nashika brashi natetemeka. Kaseme mbele ya watu walewale."

Ikaja Jumapili ya ushuhuda, ambapo yeyote anaruhusiwa kusimama mbele. Théophile alisimama, akasema yote, hata la kung'oa kibao. Kwenye benchi la nyuma kabisa alimwona Sebastian, na mkewe Flaviana.

Ibada ilipokwisha akajipenyeza katikati ya watu awahi kumshika Sebastian mkono. Alipofika nje, gari lao lilikuwa linatoka. Flaviana alimpungia. Sebastian, aliyeshika usukani, alikuwa anatazama barabara.