Ghuba Isiyotiwa Alama

Kila asubuhi, kabla wageni hawajaamka, Kalliroi alipanda juu ya paa kuutazama upepo. Aliangalia bahari ya mashariki, akageuka akaangalia ya magharibi, akavuta pumzi mbili tatu kama mpishi anayenusa sufuria, kisha akashuka jikoni kuchukua kalamu yake nyekundu. Mezani kulikuwa na rundo la ramani za kisiwa, zile karatasi za bure zinazogawiwa bandarini, na katika kila moja aliweka alama za siku ile: hapa waende, hapa wasisogee. Upepo ukitoka kaskazini, wageni waende fukwe za kusini. Ukigeuka, nao wageuke. Pale Karpathos, kisiwa cha Ugiriki, mtu hajichagulii ufuko kwa uzuri wake. Upepo ndio unaomchagulia, na anayejitia mjuaji atarudi jioni na mchanga machoni na mwavuli uliovunjika mbavu.

Kazi hiyo aliionea fahari kuliko vyumba vyenyewe. Vyumba vilikuwa vitano tu, vitanda vya kawaida, bafu zenye maji ya kusuasua. Lakini kwa miaka kumi na tisa hakuna mgeni wake aliyepatwa na balaa baharini kuzidi kuchomwa unyayo na miiba. Wengine walirudi kila kiangazi kwa ajili ya zile alama nyekundu tu.

Palikuwa na sehemu moja ambayo kalamu yake haikuigusa. Upande wa kusini, katikati ya fukwe za Halikia na Pefkoni, kulikuwa na ghuba ndogo mithili ya jino lililong'oka. Hiyo hakuiwekea alama ya kwenda wala ya kutokwenda. Miaka tisa nyuma, mwezi huohuo wa Agosti, mwanawe Minas, kijana wa miaka ishirini na mbili aliyejua kuogelea kabla ya kujua kusoma, aliingia majini pale adhuhuri na hakutoka. Tangu siku hiyo Kalliroi hakuvua nguo nyeusi, na jina la ghuba ile halikutajwa tena nyumbani kwake.

Halikutajwa kijijini pia. Ndivyo walivyo watu wa kule: bahari ikichukua mtu wa nyumba fulani, mahali alipofia panafunikwa kwa kimya, na jirani mwenye adabu hapataji. Ikibidi sana, husema "kule", basi, na kila mtu ameelewa. Kibao cha barabarani kilipoanguka kwa kutu, halmashauri haikukirudisha na hakuna aliyeuliza. Hiyo ni heshima, na Kalliroi alishukuru kwa kila mdomo uliofungwa kwa ajili yake. Sasa heshima hiyo inamkata maini, lakini wakati ule aliishukuru.

Watoto wote wa kijiji walijua hatari ya kule. Upepo wa kaskazini unapovuma, hakuna ghuba inayovutia kama ile. Majabali yanaikinga, na maji ya ukingoni yanatulia kama mafuta kwenye sahani. Ila hatua thelathini kutoka ufukoni upepo unateremka kwa nguvu kutoka kwenye korongo na kusukuma kila kinachoelea kuelekea bahari kuu, na ng'ambo ya pili ni Misri. Hakuna aliyekuwa akilisema hilo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa halijui.

Wasiojua walikuwa wageni.

Periklis alifika Jumamosi na mkewe Vaya na binti yao Anthi wa miaka kumi na mmoja. Walitoka Larissa, bara, kwenye tambarare za ngano, ambako Periklis aliuza matrekta. Alikuwa mtu wa mizaha, mwenye kitambi na sauti ya sokoni, na alikuwa na ule ugonjwa wa wageni wa siku hizi: kutaka ufuko usio na watu. Siku ya kwanza Kalliroi aliwapeleka Halikia. Jioni Periklis alirudi akilalamika kwamba amelala ubavuni mwa mwanamume asiyemfahamu, karibu kuliko anavyolala na mkewe. Vaya alicheka mpaka akashika mbavu.

Asubuhi ya pili alikuja mezani na ramani, akaweka kidole palepale, juu ya ile ghuba ndogo.

"Mama Kalliroi, na hapa je?"

"Hapo hakuna kitu."

"Hakuna kitu vipi? Kwenye simu naona mchanga."

"Ni mawe matupu. Nendeni Pefkoni, mtoto atafurahi."

Wifi yake Evdokia, aliyekuwa akimsaidia kazi za nyumba, aliacha kukata mkate akamtazama. Kalliroi alijua maana ya macho yale. Maneno yalimfika kooni: usiende, bwana, mwanangu alifia hapo. Yalikuwa maneno machache tu. Aliyameza, akaenda kuongeza maziwa kwenye jagi ambalo lilikuwa limejaa.

Periklis alimkonyeza mkewe. Hakuwa mtu mbaya wala mpumbavu. Alikuwa na imani yake tu, kwamba watu wa visiwani huwapa wageni fukwe za kawaida na kujiwekea wenyewe ile iliyo bora, kama vile mama yake alivyoficha kabatini jibini nzuri wageni walipobisha hodi. Jioni ile alishuka kwenye mkahawa wa kijiji, akacheza dama na wazee, akawanunulia kinywaji, kisha akauliza kuhusu ile ghuba ndogo. Meza nzima ilinyamaza. Nikitas mwenye mashua, aliyekuwa rafiki wa Minas, alitazama ndani ya kikombe chake.

"Huko hakuna kitu, rafiki yangu," akasema. "Cheza, ni zamu yako."

Maneno yaleyale. Mtu mmoja akikwambia hakuna kitu, utaamini. Wakikwambia wawili kwa maneno yaleyale, huku meza nzima imekaa kimya kama maji mtungini, utasema pana siri. Periklis alirudi chumbani akiwa na furaha ya mtu aliyeokota almasi. Hayo yote Kalliroi alisimuliwa baadaye, wakati hayakuwa na faida tena.

Jumatatu upepo wa kaskazini uliamka na hasira. Kalliroi alishuka kutoka paani, akaitia alama Mikri Ammos, ufuko mdogo uliozungukwa na miamba pande zote, mahali pa kumwacha mtoto na usingizi ukakuchukua. Anthi alitoka chumbani amekumbatia bata wa plastiki wa kujazwa upepo, mkubwa kuliko yeye, wa manjano. Vaya aliuliza kama bata huyo ni salama na upepo ule. Kalliroi aliwaza miamba ya Mikri Ammos, akasema ni salama, atakwenda wapi? Alimpa mtoto tini tatu kwenye karatasi. Gari likaondoka.

Ilipokaribia saa saba mchana Evdokia aliingia jikoni na mashuka mabegani na ramani mkononi.

"Wifi," akasema, "hii ilikuwa kando ya kitanda chao."

Ilikuwa ramani ya jana. Juu ya ile ghuba mtu alikuwa amechora duara kwa kalamu ya buluu, na pembeni ameandika kwa herufi kubwa: KESHO!

Kalliroi hakukumbuka alivyoifikia simu. Walinzi wa pwani walipokea haraka, sauti ya kijana.

"Kuna watu kule," akasema. "Wageni wangu, baba na mama na mtoto. Pelekeni boti sasa hivi."

"Kule wapi, mama?"

"Kule. Kusini."

"Kusini kuna fukwe kumi na mbili, mama. Nitajie jina."

Kijana alikuwa amehamishiwa pale kutoka bara mwezi wa Mei. Angejulia wapi? Kalliroi alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Miaka tisa ilikuwa imeliziba jina lile kooni kama mwiba wa samaki. Evdokia alinyoosha mkono achukue simu alitaje yeye, na Kalliroi akamsukuma kwa kiwiko.

"Drimona," akasema. "Drimona. Kati ya Halikia na Pefkoni."

Evdokia mpaka leo anaapa kwamba haikupita nusu dakika. Kalliroi hamwamini.

Waliteremka na gari la kubebea mizigo, Evdokia akiendesha kama aliyepagawa. Nikitas naye alikuwa amepigiwa simu na mashua yake ilikuwa imekwisha kutoka bandarini. Walipofika juu ya majabali, Kalliroi aliona mara ya kwanza tangu amzike mwanawe ule mchanga mweupe na yale maji mazuri. Yalikuwa yametulia, yanang'aa, yanaita. Aliyachukia kwa moyo wake wote.

Vaya alikuwa amesimama majini hadi kiunoni, mikono kichwani. Hakuwa akilia. Alieleza mambo kwa utaratibu, kama anayeandikisha polisi: Anthi alikuwa juu ya bata karibu kabisa, akachezacheza, wakacheka, kisha bata akaanza kwenda. Periklis akamfuata kwa kuogelea. Alikuwa anamkaribia. Baadaye yeye Vaya akawa anaona manjano tu, na baadaye hata manjano hakuyaona.

"Maji yalikuwa shwari," akasema. "Tazama. Mpaka sasa ni shwari."

Kalliroi aliingia majini na viatu vyake, akamshika mkono. Alikuwa hajayagusa maji yale tangu kifo cha Minas. Hakuwa na neno ambalo halikuwa limechelewa.

Boti ya walinzi ilimpata Anthi saa tisa, mbali mno na nchi kavu. Alikuwa hai. Alikuwa ameng'ang'ania shingo ya bata hata walilazimika kuwapandisha wote wawili pamoja. Alisimulia kwamba baba alimfikia, akashika kamba ya bata, akajaribu kusukuma kurudi nyuma, akashindwa. Akamwambia alale kifudifudi, asiinuke hata akisikia nini. Akatulia kidogo akihema. Kisha mtoto alipogeuza kichwa, kamba ilikuwa inaelea peke yake.

Nikitas ndiye aliyempata Periklis siku ya tatu, nyuma ya rasi. Alimleta bandarini amemfunika kwa tanga, akakaa chini kwenye sakafu ya gati akalia mbele za watu.

Siku hizo Vaya na binti yake walikaa palepale nyumbani, wakingoja karatasi za serikali na meli. Wanawake wa kijiji walileta supu na mikate, wakambusu, wakasema "kule" na "siku ile", na hakuna aliyetaja mahali. Kimya kilishuka tena, safari hii juu ya mjane wa Larissa. Evdokia aliona ni sawa. Alimnong'oneza Kalliroi jikoni kwamba sasa lazima wajizuie zaidi, wamhurumie yule mama.

Kalliroi alikuwa amekwisha kumwambia Vaya habari za Minas, usiku walipomleta Periklis. Vaya alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole", kwa adabu, kama anayempa pole mtu wa mbali. Anthi ndiye aliyeongea, bila ubaya wowote.

"Baba alisema mnaificha kwa sababu ndiyo nzuri kuliko zote."

Asubuhi ya kuondoka kwao, meza ya dirishani ilikuwa na wageni wapya, mtu na mkewe kutoka Patra, wamefunga ndoa wiki ile. Walikuwa hawajaambiwa lolote. Kwa heshima ya mfiwa, kila mtu alikuwa amenyamaza. Vaya alikaa pembeni amevaa gauni jeusi la kuazima, akimpakia mtoto asali kwenye mkate ambao mtoto hakuula. Upepo ulikuwa wa kaskazini bado.

Bibi harusi alimwita Kalliroi. Alisema jana, wakija na gari, wameona kutoka juu ghuba ndogo ajabu, haina hata mtu mmoja. Haimo katika alama zake. Je, panafaa?

Evdokia aliweka sinia chini, akamminya mkono Kalliroi kwa nguvu. Mgongo wa Vaya ulikakamaa, kisu cha asali kikasimama hewani. Kalliroi alitambua mgongo ule ulikuwa unaomba nini. Yeye mwenyewe aliomba hivyohivyo miaka tisa, na kijiji kizima kilimpa.

"Panaitwa Drimona," akasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima. "Msiende. Ukingoni pametulia, lakini hatua thelathini tu upepo unakuchukua. Mwanangu Minas alifia hapo. Jumatatu amefia hapo Periklis, mume wa mama huyu."

Bwana harusi alisimama, akakaa tena. Mkewe alifunika mdomo. Vaya aliweka kisu mezani, akamfuta mtoto vidole kimoja kimoja, akachukua mkoba wake. Alipofika mbele ya Kalliroi alisimama, karibu kabisa, na macho yake yalikuwa makavu.

"Kumbe linasemeka," akasema.

Akamshika binti yake mkono wakatoka.