Jina Langu Kamanga

Mimi usingizi naupenda, nisiseme uongo. Wengine wanapenda nguo, wengine wanapenda waume za watu; mimi nipe godoro na pazia lililofungwa, tumemalizana. Na sababu ninayo. Miaka kumi na miwili nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa pale Mabatini, hapa Mwanza, saa mbili asubuhi hadi saa nne usiku, siku sita, na Jumapili baada ya ibada. Mfamasia mwenye digrii, jamani! Mshahara laki saba, na bosi anakuambia ushukuru kwa sababu kuna feni.

Mwisho nikawa nasinzia nimesimama, kama punda. Nahesabu vidonge tano tano kwenye sahani, na katikati ya hesabu ziwa lote linaingia dukani: maji ya kijani hadi kiunoni, magugu maji yanaelea na maua yake ya zambarau, wateja wanaogelea polepole kuja kwangu, karatasi zao wamezibana kwa meno. Nikishtuka, mteja yupo mbele yangu mkavu kabisa, ananiuliza, "Dada, umefika ngapi?" Sijui nimefika ngapi. Naanza upya. Niliogopa kwamba siku moja nitaua mtu, na nyumbani binti yangu Precious, wa darasa la pili, alikuwa ananijua kwa sauti ya mlango tu.

Ndipo akaja Masele. Tulisoma naye chuo, halafu yeye akaacha kushika dawa, akakimbilia biashara. Alikuwa amefungua famasi Kamanga, ng'ambo ya maji, hatua chache kutoka kivuko kinapotia nanga. Sheria inataka kila famasi iwe na mfamasia wake, cheti kimetundikwa na mwenyewe yupo. Masele alikuwa na ukuta wa kutundikia. Mfamasia hakuwa naye.

"Getu, nipe cheti tu," akaniambia. "Wewe kaa nyumbani. Laki tano kila mwezi kwenye simu. Muuzaji ninaye, mjanja, anajua dawa zote."

"Na wakaguzi wakija?"

"Nakupigia, unapanda kivuko, unavaa koti. Kwani wanakuja mara ngapi?"

Nilijua ni kosa, tusidanganyane. Ikijulikana, cheti kinafutwa na sishiki tena dawa hadi nazikwa, na sina kazi nyingine ninayoijua. Lakini mtu aliyechoka hadi kwenye mifupa ukimwambia habari za mbinguni, atakuuliza kama kuna kitanda. Ijumaa nikaacha kazi Mabatini. Jumamosi cheti changu kikavuka maji.

Lo, nililala! Nyumba yangu iko Buzuruga, si mbali na stendi, na wapiga debe wanaanza kuita Bunda, Musoma, Shinyanga kabla jogoo hajawika. Zamani nilikuwa nawatukana moyoni. Sasa sauti zao zilinifikia kana kwamba niko chini ya maji na wao wako juu, nikageuka upande wa pili. Nililala asubuhi, nililala mchana mvua ikipiga bati. Precious akitoka shule anavua viatu, anaingia kitandani na sare yake, ananisimulia mwalimu kasema nini na nani kalia. Nilikuwa na furaha. Nasema wazi, furaha tele, na hakuna mtu atakayenitoa kwenye hilo.

Ila mikono. Mikono ilikataa kulala. Precious aliniamsha siku moja akaniuliza, "Mama, unahesabu nini?" Kumbe vidole vyangu vilikuwa vinatembea juu ya shuka, tano, tano, tano. Nikamwambia nahesabu nyota. Akaniambia ni mchana.

Mwezi wa tano akaja samaki. Sato mkubwa kama mkono wangu, amefungwa kwenye majani, ametumwa kwa kivuko. Nikampigia Masele.

"Zawadi yako hiyo," akasema huku anacheka. "Bibi mmoja huku amemletea Dokta Getruda, kidonda chake kimepona. Muuzaji wangu akakataa kumla, anasema si haki, mwenye jina yuko ng'ambo."

"Dokta Getruda ndiye nani?"

"Si jina liko ukutani, wewe! Wanamwita hivyo. Mwache, biashara inakwenda."

Miaka kumi na miwili Mabatini, hata chungwa sijawahi kupewa. Nilikuwa napewa karatasi na lawama. Precious alimla yule sato hadi macho, mimi nikaacha tonge sahanini. Wivu ulinishika, naukiri, na hebu fikiria ulikuwa wivu wa namna gani: nilimwonea wivu Getruda.

Kesho yake nikapanda kivuko cha asubuhi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, na mawe ya Mwanza yakabaki nyuma moja moja, yakafifia, yakaisha. Hatukuona tunakotoka wala tunakokwenda. Mama mmoja alikuwa na kuku wawili, nao wamenyamaza. Nikawaza kuwa kule mbele yuko Getruda mwingine, amelala usingizi wa kutosha, ana subira, anapendwa, na mimi ni yule ambaye yeye anamwota. Honi ikalia, ardhi ikatokea.

Famasi haikuwa na haja ya kuulizwa, foleni ilikuwa imefika nje. Nikakaa kwenye benchi mwishoni kama mteja. Juu ukutani cheti changu, na picha yangu jua limeila hadi uso umekuwa wa mtu yeyote. Chini yake alisimama dada wa miaka kama thelathini, mnene kidogo, koti jeupe limepigwa pasi vizuri kuliko nililowahi kuvaa mimi.

"Shikamoo, Dokta Getruda," wakamsalimia watoto.

"Marahaba, wanangu. Kikohozi kimehama?"

Nilishtuka, kisha nikatulia, nikamwangalia. Hee, yule dada alikuwa na mkono! Mgonjwa akifika anamshika kiganja kwanza. Anamuuliza mihogo imeotaje, mjukuu anaitwa nani. Vibahasha vya dawa alivichora kwa kalamu ya bluu: ng'ombe, mtumbwi, kuku, jembe. Bibi aliyekuwa kando yangu, anaitwa Paskazia, akaniona nashangaa, akanieleza. Kwao mkamwana hatamki jina la baba mkwe, wala hampi kitu mkononi. Anaweka mlangoni, anaondoka. Basi mabinti walikuwa wanakuja kuchukua dawa za wazee wao, wakiulizwa jina la mgonjwa wanainama tu, foleni inasimama. Ndipo dokta akabuni kila nyumba iwe na picha yake.

"Ana akili huyu," akasema Bibi Paskazia. "Serikali ingetuletea kumi kama huyu."

Nikakubali kwa kichwa. Joto la mchana lilianza kuingia, sauti zikawa mbali, mlio wa kivuko, kalamu ikichora ng'ombe. Ningeweza kukaa pale hadi jioni nikijitazama nikiwa mtu mwema.

Akafika kaunta mwanamke kijana, Selina, na mtoto mgongoni. Akaweka kibahasha cha zamani chenye mtumbwi, ndani vidonge viwili vimebaki.

"Dokta, za baba mkwe zinaisha. Na nipe na za malaria. Tangu mama asafiri kwenda kumlea wifi aliyejifungua, baba hayuko sawa. Asubuhi jasho linamtoka, anatetemeka, anaongea na ng'ombe waliokufa zamani. Akinywa uji anarudi. Leo uji kaukataa, nimemwacha kalala tu, ananiita kwa jina la dada yake."

"Pole, mdogo wangu," akasema yule dada, na pole yake ilitoka moyoni. "Hiyo malaria imempanda kichwani." Akageuka kwenye rafu.

Mimi macho yalikuwa kwenye vile vidonge. Virefu, vyeupe, vina mstari katikati. Nimevihesabu maisha yangu yote.

Usingizi ukanitoka wote, wa siku ile na wa miezi mitano. Nikasimama. "Wewe binti, mzee ana kisukari?"

Selina akageuka. "Hapana. Ana presha. Mwenye kisukari ni mama."

"Na mama amesafiri na dawa zake?"

"Ndiyo, kachukua kibahasha chake."

"Chenye picha gani?"

Akakitazama kile kibahasha kaunta. Kisha akasema polepole, "Mtumbwi."

Mitumbwi miwili, nyumba moja. Mama amebeba dawa za presha, mzee ameachiwa za kisukari, anameza kila siku dawa ya ugonjwa asio nao, inamnywa sukari mwilini. Na mkamwana anaweka mlangoni, anaondoka, hawezi hata kumsogelea aone anachomeza.

"Hana malaria," nikasema. "Anakunywa dawa za mkewe. Apewe sukari sasa hivi, sasa hivi!"

Weee, foleni ikawaka. "Mama, panga mstari!" "Unamfundisha daktari kazi?" "Wa mjini hawa!" Selina akanitazama mimi, akamtazama mwenye koti jeupe. Ungekuwa wewe ungemwamini nani?

Pale nilikuwa na nafasi ya kukaa. Hakuna aliyenijua. Ningekaa, kivuko cha saa saba kingenirudisha kitandani, na laki tano zingeingia mwisho wa mwezi. Nilimwona Precious na sare yake kitandani, nikamwona vizuri kabisa. Na nikamwona mzee nisiyemjua, anaongea na ng'ombe.

"Mimi ndiye Getruda," nikasema. "Jina lile pale ukutani ni langu."

Wakacheka! Hawakukasirika, walicheka kwa nafasi, kama watu walioletewa burudani. "Dokta Getruda tunaye hapa," akasema mzee mmoja, "wewe tafuta jina lingine." Selina akachukua zile za malaria.

Nikamgeukia yule dada. Mikono yake ilikuwa imeshika kaunta. Nilijua ninamwomba nini: kazi yake, koti lake, shikamoo za wale watoto. "Dada yangu," nikamwambia, "mimi hawaniamini. Wewe wanakuamini."

Nje honi ya kivuko ililia na hakuna aliyegeuka.

"Mwacheni aseme," akasema hatimaye. Sauti ilikuwa ndogo. "Ndiye mwenyewe. Mimi naitwa Odeta. Nilikuwa nauza vitenge mnadani. Selina, fanya anavyokuambia."

Maji nilikwisha kuyavulia nguo, nikayaoga. Nikampa Selina simu yangu. Nyumbani kulikuwa na watoto tu, naye jina la mzee halimtoki mdomoni hata kwa wakati ule, foleni nzima ikamsaidia, wakampigia jirani, wakapiga kelele kwenye simu: "Nenda kwa Mzee Shimba! Shimba! Kimbia na sukari!" Nikaichukua simu. Anameza? Anafumbua macho? Mpe maji ya sukari kidogo kidogo, mkalishe, usimlaze chali. Mtafutie pikipiki, apelekwe kituo cha afya, ile dawa inakaa mwilini, anaweza kuzidiwa tena. Halafu tukampigia wifi yake Selina kwamba mama aache vile vidonge, akapimwe sukari leo hii.

Tukangoja. Sijawahi kungoja hivyo. Odeta alilia bila sauti, machozi yanadondokea vibahasha, wino wa bluu unavuja. Nilimuuliza analipwa ngapi. "Laki na nusu," akasema. "Naingia saa kumi na mbili asubuhi, natoka wateja wakiisha." Kumbe jina langu lilikuwa linalipwa zaidi ya mara tatu yake, na lilikuwa halijawahi kufagia hata sakafu. Aibu niliyoiona, acha tu.

Simu ikalia. Jirani alikuwa anacheka na kulia. Mzee Shimba kakaa, kauliza nani kammwagia sukari yote ile, wanataka kumuua?

Duka likashusha pumzi. Lakini hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wananiangalia, na mambo yalianza kuwaingia. Odeta alivua koti, akalikunja, akaliweka kaunta katikati yetu. Hakuna aliyemtukana. Nilitamani wamtukane kidogo, ili na mimi niwe na mwenzangu.

Bibi Paskazia akainuka benchini kwa fimbo yake, akaja hadi mbele yangu. Sikumsalimia vizuri tulipokaa, nikaona nianzie hapo. "Shikamoo, bibi."

Hakuitikia mara moja.

"Huyu amekosea," akasema, akimwonyesha Odeta. "Amekosea akiwa hapa, tunamwona. Wewe, mwanangu, umekosea ukiwa wapi?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Saa kumi na nne kwa siku. Laki saba. Miguu iliyovimba, mtoto aliyenisahau. Yote kweli, na yote niliyapanga mdomoni kama mtu anayejitetea barazani. Yule bibi alisimama, hana haraka, ananisubiri nichague.

"Nyumbani," nikasema. "Kitandani."

Bibi akafungua fundo la khanga, akatoa karatasi yake ya hospitali iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya koti.

"Marahaba," akasema. "Basi leo upo. Nisomee."