Mahali Kilipozoea Kufunguka

Mimi sipendi kufundishwa kazi yangu. Nilianza kushona vitabu nikiwa msichana, katika karakana ya wachapaji kule Industrial Area, na walipofunga milango nilikusanya sindano zangu, mkasi na mbao za kukandamizia nikaja navyo nyumbani. Nyumbani ni hapa Kware, ghorofa ya tatu, chumba kimoja ambacho dirisha lake liko karibu na dirisha la ploti ya pili kiasi kwamba tungeweza kupitishiana chumvi. Jua haliingii. Gundi yangu ya unga wa ngano naipika kwenye jiko lile lile la chai, na vitabu navianika juu ya paa, katikati ya nguo za watu.

Kitabu kikishapakwa gundi hukaa kati ya mbao mbili, na juu yake naweka mtungi mkubwa wa maji. Wiki ambayo mifereji imekauka majirani huja kuniomba maji, nami nawaambia wangoje kitabu kikauke. Wengine wameninunia mpaka leo.

Kazi hainikosi. Naletewa vitabu vya shule vilivyotafunwa na watoto, vitabu vya nyimbo vilivyonyeshewa, kamusi zisizo na herufi A. Fowsiya, mwenye duka la vitambaa pale chini, hunipa vipande vinavyobaki, nami navitumia kuvika migongo. Ndiyo maana katika makanisa ya huku kwetu utaona kitabu cha nyimbo kimevaa maua kama dera. Watu hunisifu. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nikisifiwa huongeza gundi. Hilo ndilo lililoniponza kwa kitabu cha Mzee Owiti.

Mzee Owiti anakaa mlango wa mwisho kwenye korido yetu, karibu na ngazi. Alikuwa gadi wa reli, yule mtu anayepanda behewa la mwisho la treni ya mizigo na kuangalia kwamba mkia haujabaki nyuma. Mkewe, Akech, alifariki kabla mzee hajahamia hapa. Kwa muda mrefu tulimjua kama mtu wa kupapasa ukuta, maana macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Kisha wanawe wakampeleka akapasuliwa, akarudi na miwani myeusi, na siku alipoivua alisimama kwenye korido akatutazama mmoja mmoja. Mimi alinitazama akasema, "Kumbe Mama Caro ni mfupi hivi." Nikamsamehe kwa sababu ya macho.

Jioni hiyo hiyo alinigongea. Mkononi alikuwa na kitabu cha nyimbo za kanisa cha Kijaluo, kinene, kimefungwa kwa kamba ya kiatu. Jalada lilikuwa limeachana na mwili, na nyuzi zilikuwa zimeoza kabisa.

"Hii ilikuwa ya Akech," akasema. "Nataka kuisoma sasa naona. Lakini nikiishika, inamwagika."

"Utaisoma, Mzee. Hata wajukuu wako wataisoma."

"Usiharakishe. Nimengoja macho, siwezi shindwa kungoja uzi."

Nilikifumua chote, fungu kwa fungu. Nilikwangua gundi ya zamani, nikaziba kurasa zilizochanika kwa karatasi laini, nikanyoosha kona zilizokunjamana. Kijaluo sikijui, mimi ni mtu wa Bungoma, kwa hiyo sikuwa nikisoma. Nilikuwa nikiangalia karatasi tu. Kurasa mbili za katikati zilinikasirisha. Zilikuwa zimelowa mafuta ya kupikia, mpaka herufi za upande wa pili zinaonekana, na kwenye kona unga ulikuwa umeganda. Nilijaribu kusugua kwa mkate mkavu, nikajaribu chaki, mafuta yakakataa. Nikamnung'unikia marehemu wa watu: mwanamke gani huyu anasoma wimbo huku anakaanga samaki.

Nilienda soko la Muthurwa kutafuta uzi wa nguvu, nikaupaka nta ya mshumaa, nikashona. Mgongo niliupa karatasi ngumu na kitambaa cha buluu, bila maua, kwa heshima ya mzee. Nikaweka mitungi miwili juu yake badala ya mmoja. Kilipotoka hapo kilikuwa kimenyooka kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza siku ya kuripoti. Nakumbuka nilikishika nikatabasamu peke yangu.

Mzee Owiti alikipokea kwa mikono miwili. Hakukisoma. Alikisimamisha mezani kwa mgongo wake, akaachia majalada taratibu, akasubiri. Kitabu kilibaki kimefumba. Akajaribu tena, kikafunguka kidogo mwanzoni, kwenye utangulizi. Mara ya tatu kikafunguka karibu na mwisho.

"Ni kazi nzuri," akasema. "Asante, Mama Caro."

Akanisindikiza mlangoni na uso umemshuka. Nilirudi kwangu nimeudhika kwelikweli. Nimekaa na kitabu chake kama mgonjwa wa hospitali, halafu naambiwa kazi nzuri kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Siku chache baadaye nilikuwa napandisha beseni la nguo nikamkuta kwenye kigoda chake kando ya ngazi, kitabu kiko magotini. Alikuwa akikiachia kifunguke, anainama, anasoma kidogo, anafunga, anakiachia tena. Nikateremsha beseni.

"Mzee, hiyo kitabu iko na shida gani?"

"Haina shida. Shida ni mimi."

"Sema tu. Kama nimekosea nitarekebisha."

Aliweka kiganja juu ya jalada.

"Hii kitabu ilikuwa inafunguka yenyewe," akasema. "Ukiiweka tu chini, inafunguka. Kila siku mahali pamoja. Hata baada ya Akech kwenda, nilikuwa naiweka mezani inafunguka hapo hapo. Lakini sikuwa naona. Nilikuwa napitisha mkono tu juu ya karatasi. Halafu kabla nipasuliwe nyuzi zikakatika, ikaanza kumwagika."

"Si ungeambia mtoto akusomee?"

"Ningeambia. Sikutaka." Akatazama ngazi, ambako hakukuwa na mtu. "Unajua, tukikaa kota za reli pale Muthurwa nilikuwa narudi saa yoyote. Treni haina saa. Nikifika kwa mlango namsikia anaimba ndani, chini chini, sipati maneno. Nikifungua mlango ananyamaza. Anafunga kitabu, ananiuliza kama nimekula. Miaka yote. Mimi sikuwa mtu wa kanisa, nikafikiri anaona sifai kusikia."

"Na hukumuuliza?"

"Nilidhani wakati uko." Akakigusa kitabu tena. "Akishaenda nikasema, siku nitapata macho nitaona mwenyewe alikuwa anaimba nini. Yeye ndiye atanionyesha. Ataifungua hapo kama kawaida."

Mgongo wa kitabu huvunjika pale unapofunguliwa kila siku. Sisi mafundi tunauita huo ugonjwa, na tunautibu. Akech alikuwa ameuvunja kwa mikono yake, jioni baada ya jioni, akingoja treni. Mimi nikaja na uzi wangu wa Muthurwa na mitungi yangu miwili nikauponya.

Niliona aibu. Na chini ya aibu nikakuta jambo jingine, ambalo huwa silisemi. Mume wangu Sylvance alikuwa akikohoa akifika kwenye ngazi, kikohozi kifupi, cha kunijulisha niweke chai. Tangu tumzike, mtu yeyote akikohoa kwenye ngazi hizi nainua kichwa, hata kama sindano iko katikati ya karatasi. Najua si yeye, lakini kichwa kinainuka. Ninamtamani mume wangu kwa shingo hii.

"Nipe," nikamwambia mzee.

Sikuhitaji kutafuta sana. Kurasa nilizozitukana siwezi kuzisahau. Nikafungua katikati, pale penye mafuta, nikamwekea magotini. "Ni hapa."

Hakutazama. Aliinua uso akaelekeza macho yake mapya ukutani.

"Sasa ni wewe umenionyesha," akasema polepole. "Nilitaka anionyeshe yeye."

"Mzee, tazama vizuri. Haya mafuta si yangu. Niliyasugua yakakataa kutoka. Hiki hapa ni kidole gumba chake. Na huu ni unga wake, alikuwa anasonga ugali akigeuza."

Akainama. Akaweka kidole gumba chake juu ya kile cha mafuta, akakiacha hapo. Kilikuwa kikubwa kuliko alama.

Mimi sikuridhika. Nilikichukua kitabu nikaingia nacho kwangu, naye akanifuata akasimama mlangoni. Nikatoa kisu changu chembamba. Nikakata gundi ndani ya mgongo, mahali pale tu, kisha nikashika majalada nikayarudisha nyuma mpaka yakakutana. Kilitoa mlio kama kuni kavu. Katika maisha yangu yote sijawahi kuharibu kazi yangu kwa makusudi.

"Mama Caro, unaivunja," mzee akasema.

"Naivunja. Nyamaza kwanza."

Nilirudia mara nyingi, nikikandamiza kwa kiganja, jinsi mwanamke anavyokandamiza kitabu kisichotaka kutulia kando ya jiko. Kitambaa cha buluu kikapata mkunjo katikati, mkunjo mbaya. Halafu nikakisimamisha mezani, nikaachia.

Kikafunguka penye mafuta. Nikakifunga, nikamwachia mzee ajaribu mwenyewe, na kwake pia kikafunguka hapo hapo. Alicheka kidogo, kicheko cha puani. Ndipo akavuta stuli, akakaa, akavaa miwani ya kusomea, akaanza kusoma na kidole chini ya mstari.

Alisoma taratibu, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alirudi mwanzo. Chai niliyokuwa nimemwekea ikapoa.

"Ni ya kuombea mtu wa safari," akasema hatimaye. "Inasema: aliye njiani, Bwana, mfikishe. Nitaimba, sitanyamaza, mpaka nisikie mkono wake kwa mlango."

Akaurudia mstari ule kwa Kijaluo, akaurudia tena kwa Kiswahili, kana kwamba mimi ndiye sikuelewa. Akavua miwani akaishika mapajani.

"Nikifungua mlango ananyamaza," akasema. "Kumbe ni kwa sababu nimefika."

Nilimwongezea chai ya moto juu ya ile iliyopoa, nikakaa upande wa pili wa meza, nikalia kwa ajili yangu na kwa ajili yake, naye akaniacha nilie. Alipoondoka alikibeba kitabu kifuani, mkunjo wake umeelekea nje. Fundi yeyote angekiona angeuliza ni nani aliyekishona vibaya namna ile.

Siku hizi jioni, watu wanaporudi kutoka viwandani na korido inanuka omena na vitunguu, Mzee Owiti huimba. Sauti hana. Tuni sidhani ni yenyewe, maana aliisikia kupitia mlangoni tu, na mahali asipoijua anabuni. Watoto walimcheka juma la kwanza, kisha wakazoea. Fowsiya aliniuliza yule mzee anamwimbia nani, nikamwambia mkewe yuko safarini.

Juzi nilisonga ugali mwingi kuliko tumbo langu, nikampelekea sahani. Nilimsikia tangu mlangoni kwangu. Nikagonga mara mbili kwa kiwiko, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeshika sahani, nikausukuma mlango kwa bega. Kitabu kilikuwa mezani, wazi penye mafuta, na yeye amekaa mbele yake. Aliposikia mlango aligeuka haraka, mdomo wazi, wimbo umekatika katikati ya neno.

Akaona ni mimi. Akanipungia mkono niweke sahani mezani, akageukia kitabu, akaendelea kuimba.