Safu ya Sifuri

Mwaka huo wa tisini na nne, mwezi wa nane, vumbi lilikuwa limeingia hadi kwenye maji ya kunywa. Bibi Limi alizijua nyumba zote ishirini na saba kwa nyayo zake. Zilitawanyika kuanzia kisimani hadi karibu na barabara ya Bugarama, na hakuna mbili zilizopakana. Nyumba hizo zilichaguliwa na kitabu. Anisia, mwanafunzi wa chuo aliyetoka Bukoba, alichukua daftari la balozi, kiongozi wa pale kijijini, lenye majina ya kaya zote, akafungua ukurasa wa mwisho wa kitabu chake uliojaa tarakimu zisizo na mpango wowote, akateremka nazo kwa kidole. Tarakimu ikisema kumi na tisa, kaya ya kumi na tisa inaingia. Isiposema, haiingii.

Balozi Bujiku hakupendezwa.

"Mimi ndiye balozi, nina nyumba ya bati, na kitabu chako kimeniruka," alisema. "Kimemchukua Paskalia ambaye hata kiti cha kukukalisha hana."

"Baba, si mimi. Ni bahati nasibu."

"Ningekupeleka kwenye nyumba nzuri nzuri, ukamaliza kwa siku mbili."

Bibi Limi aliingilia kati. "Bujiku, ukipeleka pamba kwa mnunuzi, ile nyeupe unaiweka wapi?"

"Juu."

"Na yeye mkono anautia wapi?"

Bujiku alicheka mpaka akakohoa. "Chini kabisa. Hana adabu yule mtu."

"Basi na huyu binti anatia mkono chini. Mwache afanye kazi yake."

Bibi Limi ndiye aliyekuwa mkalimani. Anisia hakujua Kisukuma, na akina mama wengi pale walikuwa na Kiswahili cha kununulia chumvi tu. Bibi alikipata cha kwake alipokuwa akiuza maziwa Kahama, na kusoma alijifunza katika darasa la watu wazima, taratibu, herufi moja baada ya nyingine. Kila asubuhi walitoka pamoja, na kila jioni walirudi miguu ikiwa mizito kama ya kuazima. Alimpenda binti yule kwa jambo moja dogo: wakikuta nyumba ina kigoda kimoja, Anisia alikaa chini bila kuangalia nguo yake, kigoda akamwachia bibi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuuliza maswali thelathini. Swali la kumi na nne liliuliza mama amezaa watoto wangapi. La kumi na tano liliuliza wangapi kati yao wamefariki.

Siku ya kwanza kabisa walianzia kwa Suzana. Mwezi wa tano Suzana alikuwa amemzika mtoto wake wa mwisho, na nyuma ya jiko udongo wa kaburi ulikuwa haujashikamana vizuri. Bibi Limi mwenyewe ndiye aliyemwosha mtoto yule. Anisia alipofika swali la kumi na tano, Bibi alimtazama Suzana usoni, akaona mdomo uliokazwa, na ulimi wake ukakataa. Akamwuliza kwa Kisukuma, "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo," Suzana akajibu.

Bibi akamgeukia Anisia. "Anasema hakuna aliyefariki."

Anisia akaandika sifuri. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Nyumba ya pili Bibi akafanya vivyo hivyo, na ya tatu, na zote zilizofuata. Kila walipotoka aliona amemwepusha mtu na kilio. Mgeni ataondoka na karatasi zake, alijiambia, na mama wa watu atabaki anapika uji wake kwa amani.

Jumatano ya wiki ya tatu walimaliza nyumba ya ishirini na saba. Alasiri Anisia alikaa barazani kwa Bibi, akatandaza karatasi juu ya mkeka na kuziwekea mawe zisipeperuke, akaanza kujumlisha kwa kikokotoo chake kidogo. Bibi alikuwa akichambua choroko. Alisikia vidole vikibonyeza, kisha vikakoma.

"Bibi."

"Naam, mjukuu wangu."

"Kijiji cha ng'ambo, nilikopita na Mwalimu Donatus akinitafsiria, nyumba thelathini zimetoa watoto arobaini na mmoja waliofariki. Hapa nyumba ishirini na saba, sifuri. Sifuri kila mahali, kutoka juu hadi chini." Alimwonyesha safu ile. "Kijiji hiki hakijawahi kuzika mtoto?"

Bibi Limi angeweza kusema dawa zao ni nzuri, au Mungu amewaangalia. Alizungusha ungo mara moja, kisha akauweka chini.

"Tumezika."

"Wangapi?"

"Sijui. Sikuwauliza."

Anisia hakupandisha sauti. Aliweka kalamu chini, akajipangusa vumbi usoni kwa ncha ya kanga. Bibi aliona ni afadhali angegomba.

"Somo hili la takwimu nilifeli mwaka jana," Anisia alisema. "Wamenipa nafasi moja. Basi langu ni Jumamosi asubuhi. Nikipeleka hizi wataona ni uongo, nirudi nyumbani moja kwa moja. Na wasipoona ni vibaya zaidi. Atasoma mtu fulani mezani kwake, aseme hawa hawana shida, zahanati ijengwe kwingine."

"Basi andika mmoja mmoja," Bibi alisema kwa upole. "Kila nyumba mmoja. Wastani wako utakaribia ule wa Donatus."

Anisia alitaka kucheka, akashindwa. "Bibi, hata ukikaribia si kweli. Tena watu hawalingani hivyo. Kuna nyumba imepoteza wanne, jirani yake hajapoteza hata mmoja. Ile tofauti ndiyo niliyokuja kutafuta. Nikiwasawazisha wote, nimewafuta wote."

"Na ukiacha pasipo kitu?"

"Hilo naruhusiwa. Pakiwa wazi maana yake sijui. Sifuri maana yake niliuliza, nikaambiwa hakuna."

Bibi Limi aliangalia tena ile safu. Alizijua nyumba hizo moja moja, na makaburi yake aliyajua. Akaona kwamba yeye, kwa huruma yake, alikuwa amepita kwenye kila boma akiwaambia wakubwa wa dunia kuwa hapa hakuna aliyelia.

"Kesho tutoke mapema," alisema.

Alhamisi na Ijumaa walirudi mlango kwa mlango. Miguu ya Bibi ilivimba, na Anisia akambebea mfuko na maji bila kuombwa. Safari hii Bibi aliuliza swali kama lilivyoandikwa.

"Mwangaluka, mayu Limi," Paskalia aliwapokea, akimwamkia Bibi kwa Kisukuma kama mama yake. Aliposikia swali akasema, "Wiki ile ulipouliza ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa nimelala."

Paskalia akataja watatu, kwa majina, akiwahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto. Hakulia. Alipomaliza aliingia ndani akawaletea michembe, vipande vya viazi vilivyokaushwa, kwenye kikapu, wale njiani. Nyumba nyingine mama alilia kidogo, akanawa uso, akaendelea na swali lililofuata. Kwingine mume, aliyekuwa amerudi juzi kutoka machimboni, alisema watoto wake si ng'ombe wa kuhesabiwa na serikali, akawafungia mlango. Anisia akaacha wazi. Familia moja ilikuwa imehamia Katoro. Akaacha wazi.

Ijumaa jua lilipoanza kulegea ilibaki nyumba moja, nayo ilikuwa ng'ambo ya korongo. Bibi Limi alikaa juu ya jiwe, viatu mkononi.

"Ni kwa Suzana," alisema.

Anisia aliiangalia ile miguu. "Tuache wazi, Bibi. Wazi tatu si nyingi. Nitaeleza kwenye ripoti."

Bibi alilitaka neno hilo. Mwili mzima ulilitaka. Angeweza kuinuka akarudi kwake, akachemsha maji ya kukanda magoti, na hakuna ambaye angemlaumu. Akakaa kama anayepumzika tu. Halafu akasema, "Wazi maana yake hujui. Mimi najua," akasimama, wakashuka korongoni wameshikana mikono.

Suzana alikuwa akipepeta mtama. Aliwaona, akaleta kigoda, akakipangusa vumbi kwa kiganja. Bibi Limi hakuzunguka. Aliuliza amezaa wangapi, kisha akauliza wangapi wamefariki.

Suzana aliuacha mkono ndani ya mtama.

"Siku ile, mayu, ulipoanza kuuliza habari za watoto, nilijua utafika kwake," alisema. "Nikajikaza nikupe jibu. Hukufika. Mlipoondoka nikasema, Limi aliyemwosha kwa mikono yake, na yeye ameshasahau."

"Sikusahau. Niliogopa kukuumiza."

"Basi uliza tena."

Bibi akauliza tena. Maneno yalitoka yote.

"Wawili," Suzana alisema. "Wa kwanza aliishi siku tatu, hatukuwahi kumpa jina. Wa pili ni Kamili. Miezi kumi na minne. Alikuwa ameanza kuwaita mbuzi."

Bibi alitafsiri kila kitu, siku tatu, jina, miezi, mpaka mbuzi. Fomu haikuwa na mahali pa mbuzi. Anisia alisikiliza hadi mwisho, akakata sifuri kwa mstari mmoja, akaandika 2 pembeni, na tarehe.

"Ameandika?" Suzana aliuliza.

"Ameandika."

"Nione."

Suzana hakujua kusoma. Anisia alimpelekea karatasi, Bibi akaweka kidole chini ya ile tarakimu. Suzana aliinama, akaitazama kwa karibu.

"Kamili ni upande gani?"

"Yumo humo," Bibi Limi alisema. "Yumo na mwenzake."

Suzana alitikisa kichwa kukubali. Akaendelea kuitazama, na Anisia hakuivuta karatasi.